Jina la Askari Aliyekufa Kazini Linahifadhiwa Wapi?

Mada kwa semina ya maafisa utumishi, maafisa ustawi wa jamii na polisi, Bagamoyo

Nimetakiwa nianze na maana ya maneno. Askari aliyekufa kazini tunamjua sote: aliyeuawa na wahalifu, aliyefia kwenye operesheni, aliyegongwa na gari akiwa barabarani kwa amri ya mkuu wake. Heshima nazo tunazijua: bendera juu ya jeneza, gwaride, risasi za heshima, salamu za rambirambi. Hayo tunayafanya vizuri, sitakaa hapo. Tatizo langu huanza matanga yakishaanuliwa.

Chukueni ukanda wetu. Januari 2015 kituo cha Ikwiriri kilivamiwa, polisi wawili wakauawa. Julai 12 mwaka huohuo ikawa zamu ya Stakishari, Ukonga: polisi wanne na raia watatu. Agosti 2016 wanne wakauawa Mbande, kwenye lindo la benki. Aprili 13, 2017, gari lililokuwa likiwarudisha askari kutoka lindoni lilishambuliwa Mkengeni, Kibiti, wakafa wanane. Waliagwa Dar es Salaam kwa heshima zote, kisha safari za kwenda kuzika zikaanza. Askari wetu hupangiwa kazi mbali na kwao, hivyo aliyefia Pwani anaweza kuzikwa Kigoma au Mara. Kaburi liko huko, jalada liko makao makuu, na wilaya aliyoifia haina hata daftari lenye jina lake. Baada ya mauaji yale, eneo la Rufiji na Kibiti lilitengewa uongozi wake wa kipolisi. Basi majina ya wale wanane ni ya kamanda yupi, wa Pwani au wa Rufiji? Nimeuliza katika ofisi zaidi ya moja, nikaambiwa niandike barua. Niliandika.

Hapa Bagamoyo, karibu na bahari, yapo makaburi ya Wajerumani waliokufa wakati wa vita vya Abushiri na miaka iliyofuata. Majina yao yameandikwa. Askari Waafrika waliopigana upande wao, Wasudani walioandikishwa Misri na wengine kutoka Msumbiji, hawamo. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ni kazi nzuri ya shaba isiyo na jina la mtu hata mmoja. Sisimami hapa kuwasifu waliotutawala. Nasema tu kwamba waliandika majina ya watu wao, sisi wakatuachia sanamu.

Wala jina si la kuchonga kwenye jiwe tu. Mjane anayefuatilia mafao PSSSF huulizwa cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto na uteuzi wa msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kazini marehemu aliitwa kwa namba na majina mawili. Cheti cha ndoa kina jina la babu. Cheti cha mtoto kina jina la utani alilozoeleka mtaani. Hapo zinaanza hati za kiapo, nauli na "njoo wiki ijayo". Familia moja niliyoihudumia, mtoto alimaliza darasa la saba kabla jina la baba yake halijalingana kwenye karatasi zote. Na muda wote huo nyumba ya kota inadaiwa, kwa kuwa kuna askari mpya amehamishiwa kituoni. Simlaumu mkuu wa kituo. Hana nyumba nyingine ya kumpa.

Najua minara huamuliwa ngazi za juu, nami siombi mnara. India, kila Oktoba 21, kwa kumbukumbu ya polisi kumi waliouawa Ladakh mwaka 1959, husoma gwarideni majina ya polisi waliokufa kazini katika mwaka uliopita. Gharama yake ni karatasi na kipaza sauti.

Napendekeza, kwanza, kila kamanda wa mkoa awe na daftari la waliokufa kazini, kwa majina kamili kama yalivyo NIDA. Pili, daftari libaki mahali walipofia, hata mipaka ya kipolisi ikibadilishwa. Tatu, majina yahakikiwe askari angali hai, kila anapojaza fomu ya likizo. Nne, mjane asitolewe kota kabla mafao hayajaanza kulipwa. Tano, askari wa usalama barabarani aliyegongwa Msata au Chalinze aandikwe daftari moja na aliyepigwa risasi. Sita, Stakishari walikufa raia pia, na Kibiti waliuawa viongozi wa vijiji. Kibao kikiwekwa nao wawemo, la sivyo wenyeji watakipita kama cha wageni. Saba, majina yasomwe kila wilaya Julai 25, Siku ya Mashujaa. Nane narudia la kwanza, daftari, kwa sababu katika semina zilizopita liliingia kwenye maazimio na halikutoka. Tisa, familia ziulizwe kwanza kabla majina hayajasomwa hadharani. Ndiyo maana mimi leo sikutaja hata moja.

La kumi ni la maafisa utumishi mliomo humu, na halisubiri kibali cha mtu: fungueni majalada ya askari watakaoingia lindo usiku wa leo, mwone kama majina ya wake na watoto wao yanalingana na vyeti.