Mafuta, Plastiki na Ndege Ndogo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wahitimu na wanafunzi, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache kwa ajili ya vijana wa chama cha ufundi, ambao wamepokea modeli za ndege za kuunganisha. Wameuliza hivi: sehemu inapobana, au rafadha inapokataa kuzunguka, ipakwe mafuta gani? Wakubwa huenda wakaliona hili kuwa swali la mchezo. Mimi naliona kuwa swali la elimu, maana jibu lake limo katika kemia na fizikia mnazofundishwa hapa.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Modeli hizi ni za plastiki iitwayo polistirini, na kipimo kinachopendwa sana ni 1 kwa 72. Ndicho kilichotumiwa na kampuni ya Airfix ya Uingereza katika Spitfire yake ya mwaka 1953. Mabawa ya Spitfire halisi, ncha hadi ncha, ni mita 11.23, ya modeli ni sentimita 15.6 tu. Basi fikirini jinsi mhimili wa gurudumu lake ulivyo mwembamba, na jinsi nafasi iliyobaki ndani ya tundu ilivyo ndogo.

Mambo yakikwama, mkono wa mtu hukimbilia chupa iliyo karibu: mafuta ya cherehani, mafuta ya taa, hata mafuta ya nazi. Yote hayo yaacheni. Petroli ndiyo mbaya kupita yote, kwani huiyeyusha polistirini. Mafuta mengine hayaiyeyushi mbele ya macho, lakini hufanya hila. Molekuli za polistirini ni minyororo mirefu iliyosokotana. Sehemu ikibanwa, minyororo hiyo huvutwa. Mafuta nayo hupenya katikati yake na kuilegeza, hata ufa mwembamba kama unywele ukaanza, na mwingine ukafuata. Ni lazima mambo mawili yakutane, mkazo na mafuta. Ndiyo sababu sehemu iliyolala mezani yaweza kupakwa mafuta isionyeshe dalili yoyote, na mwenzake aliyebanwa akapasuka. Kioo cha chumba cha rubani kiangalieni zaidi, kwa kuwa plastiki yake angavu ni rahisi kuvunjika.

Sasa dawa. Ya kwanza ni kuondoa mkazo wenyewe. Mara nyingi kinachobana ni rangi. Ukipaka mhimili tabaka moja la rangi, unanenepa kwa unene wa matabaka mawili, yaani moja kila upande. Ukipaka na tundu, nalo linapungua kwa mawili. Jumla ni manne! Kwangueni rangi hiyo, pigeni msasa laini, mjaribu tena. Huenda msihitaji kilainishi chochote.

Ikibidi, anzeni na kilainishi kikavu. Ile nyeusi ya penseli huitwa grafiti. Ina tabaka zinazoteleza moja juu ya nyingine, na haiidhuru polistirini. Sugueni mhimili kwa penseli laini ya 4B, basi. Pale ambapo weusi utachafua, tumieni unga mkavu wa talki.

Kwa kitu kitakachozunguka mara nyingi, grisi safi ya silikoni inafaa, lakini kwa masharti. Ipakwe kidogo sana, kwa ncha ya kijiti. Ipakwe mwisho, baada ya gundi na rangi kukauka, kwa sababu rangi haishiki juu ya silikoni. Tena iwe grisi, wala si ya kupuliza kutoka katika kopo, kwa kuwa makopo mengi huwa na viyeyusho vya jamii ya petroli.

Na kabla ya yote, jaribuni. Sehemu hutoka kiwandani zikiwa zimeshikamana na fremu ya plastiki ile ile. Kateni kipande cha fremu, mkikunje kidogo na kukifunga kwa uzi, mkitie tone la kilainishi, mkiache hadi kesho. Kikitoka nyufa, mmepoteza takataka, na ndege imesalimika.

Ndugu zangu, somo hili halikomei kwenye meza ya modeli. Kofia nyingi za pikipiki zimetengenezwa kwa plastiki za polikaboneti au ABS, nazo huharibiwa na petroli na viyeyusho vya rangi kwa njia hiyo hiyo. Wapo wanaozisafisha kwa petroli ili zing'ae. Kofia yaweza kuonekana nzima, kumbe nguvu yake imekwisha, na mwenyewe akaja kujua siku ya kuanguka. Isafisheni kwa maji na sabuni isiyo kali.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa plastiki hauzibiki vema, afadhali usianze. Kijana atakayejizoeza kuuliza "kitu hiki kimetengenezwa kwa nini?" kabla ya kukitia mafuta, atakuwa amepata faida kubwa kuliko ndege yenyewe.