Taarifa za Hewa Tunayovuta



Wengi wetu hapa Texas tunaishi jirani na viwanda vya kusafisha mafuta. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2015 inavitaka vipime kwenye uzio, kila siku 14, benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Wastani wa mwaka wa inayotoka kiwandani ukizidi maikrogramu 9 kwa mita ya ujazo, lazima chanzo kitafutwe na kurekebishwa. Taarifa hupelekwa serikalini kila robo mwaka. Kumbukumbu hutunzwa miaka 5.

Taarifa hizo ni wazi kwa umma, ila ziko kwa Kiingereza. Michango ya leo itagharamia kuzitafsiri, kila mzazi ajue mwanawe anavuta nini.