UNGA WA KIBIRITI: DAWA YA MKOROSHO, NA KIFUA CHA MCHUKUZI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Ndia Kuu, Mombasa)



 Mlipokuwa mkija hapa Ndia Kuu, wengi wenu mmewapita wenye kuuza korosho za kukaanga. Tumeona tuanze na korosho hizo, kwa sababu kati yake na sisi wachukuzi lipo jambo lisilosemwa.

Mkorosho una adui aitwaye ubwiri unga. Ni ukungu mweupe, mfano wa unga wa ngano, ambao hushika majani machanga na maua wakati wa baridi na umande. Ua likishikwa hukauka likaanguka, na pasipo ua hakuna korosho. Wenzetu wa Mtwara na Lindi waliuona ubaya wake. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata kiasi cha tani 145,000 za korosho. Mwisho wa miaka ya 1980 kuna misimu ambayo hazikufika tani 20,000. Ugonjwa haukuwa sababu pekee: bei ilikuwa duni, na watu walihamishiwa vijiji vipya mbali na mikorosho yao. Lakini hata waliobaki na miti yao waliona maua yakikauka.

Dawa iliyowasaidia ni salfa ya unga. Wazee wetu waliijua zamani kwa jina la kibiriti upele, wakaipaka penye upele. Huko kusini hupulizwa kwa mashine, kiasi cha robo kilo kwa mti mmoja kila mara, na kurudiwa baada ya wiki mbili mpaka maua yapite hatari. Hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali haujakauka, ili unga ushike. Tena salfa haiponyi ua lililokwisha kufa. Hulinda lililo hai. Pamoja na juhudi nyingine, kilimo kilisimama tena, na msimu wa 2017/18 korosho za Tanzania zilipita tani 300,000.

Basi hatuji hapa kuitukana dawa. Mkulima aihitaji. Lakini kabla ya kufika mkononi mwa mkulima, gunia hubebwa na mtu, na mtu huyo ni mmoja wetu.

Tukumbuke siku ile tulipopakua magunia katika ghala moja, mengine yamepasuka. Tulifunga vitambaa puani. Usiku ule macho yalituwasha hata usingizi ukakataa, na mwenzetu mwenye pumu alikesha ameketi. Tulipouliza, tuliambiwa, “Huo ni unga tu.” Tulipouliza mara ya pili, zililetwa barakoa chache, tukaambiwa tupokezane. Ndugu, je, kifua nacho hupokezana?

Ukweli ni huu. Salfa si sumu kali kama dawa nyingine za shamba, lakini vumbi lake huwasha macho, pua, koo na ngozi, na huzidisha pumu. Likijaa hewani ndani ya ghala lililofungwa, cheche moja yaweza kulilipua. Likiungua hutoa moshi ukabao pumzi. Kwa hiyo mwenye kuvuta sigara penye magunia hayo ajihatarisha yeye na wenzake. Hapo lawama si ya tajiri peke yake.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe mavazi ya kujikinga, na awafundishe watu hatari ya kazi yao. Penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Barakoa si zawadi. Ni chombo cha kazi, kama vile rukwama.

Twawaomba mambo manne:

1. Kabla ya kuinua gunia, ulizeni lina nini. Asiyejua kusoma asomewe.

2. Kila mtu awe na barakoa yake, miwani na glavu. Milango ya ghala ifunguliwe.

3. Unga ukiingia machoni, oshweni kwa maji safi mengi kwa muda wa robo saa, kisha mwende kwa daktari. Msisugue. Nguo za kazi msizichanganye na za watoto.

4. Anayeumia aandikishwe siku ile ile, na mjumbe wa chama apewe habari. Jambo lisiloandikwa hukanwa kesho.

Mkulima hangoji ua lishikwe ndipo atie dawa. Nasi tusingoje kifua kiharibike ndipo tudai. Mtu mmoja akidai barakoa huitwa mkorofi. Tukidai sote, hilo ni neno la chama.

Umoja ni nguvu.