Bima ya Nyumba: Yale Ambayo Haitalipa Mto Tana Ukifurika

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mikutano ya wakazi wa Garsen



Hakuna mkazi wa Garsen anayehitaji kuelezwa mafuriko ni nini. Wenye umri wanakumbuka maji ya El Niño ya 1997 na 1998. Mwaka wa 2018 Mto Tana ulivunja kingo zake tena. Zikafuata mvua za mwisho wa 2023, na kabla watu hawajamaliza kuanika vitu vyao, mvua za masika za 2024 zikarudisha maji vijijini. Familia zilihamia kambini, mashamba yakafunikwa na barabara zikakatika.

Kila maji yanapopungua, swali moja hurudi: je, bima ingesaidia? Jibu ni kwamba inaweza kusaidia, lakini si kwa kila kitu wala kwa kila nyumba. Bima hulipa hasara iliyotokana na majanga yaliyotajwa kwenye mkataba. Lisilotajwa, au lililowekwa kwenye orodha ya mambo yaliyoachwa nje, hubaki mzigo wa mwenye nyumba. Orodha hiyo huwa kurasa za nyuma, kwa herufi ndogo, na wengi huiona mara ya kwanza siku wanayopeleka dai. Ni heri kuisoma kabla ya kulipa.

Nyumba yenyewe

Bima ya kawaida ya nyumba nchini Kenya imeandikwa kwa kufikiria nyumba ya mawe, matofali au saruji iliyoezekwa kwa mabati au vigae. Nyumba ya udongo, au iliyoezekwa kwa makuti au nyasi, haiingii mpaka kampuni ikubali kwa maandishi. Mwenye nyumba ya namna hiyo akilipa ada bila kusema nyumba yake ni ya nini, anaweza kulipa miaka mitano na dai lake likakataliwa siku moja.

Ardhi haimo. Wakazi wa delta wanajua kwamba Mto Tana huhama njia yake. Mto ukila ukingo na kuchukua kiwanja, bima ya nyumba hailipi kiwanja. Mmomonyoko wa kingo na ardhi kutitia navyo mara nyingi huachwa nje, na ndivyo ilivyo pia kwa ua na lango vikiangushwa na dhoruba au mafuriko.

Uchakavu haulipwi. Ukuta uliolika kwa unyevu wa miaka, mbao zilizoliwa na mchwa na paa lililokuwa likivuja kabla ya mvua huhesabiwa kuwa kazi ya matengenezo.

Mafuriko yenyewe

Mara nyingi mafuriko huwa kwenye orodha ya majanga yanayolipwa, pamoja na moto, radi na dhoruba. Lakini kampuni ina haki ya kuyaondoa, au kuongeza ada, kwa nyumba iliyo mahali panapojulikana kufurika. Kwa hiyo mkazi wa Garsen asiridhike na neno "kila kitu kimo". Aulize kama mto ukifurika kwa mvua atalipwa, na kama atalipwa pia maji yakitoka kwenye mabwawa ya juu kama Masinga na Kiambere. Jibu liwe kwenye karatasi.

Hapa kuna kishawishi. Fomu ya maombi huuliza kama nyumba imewahi kupata hasara. Mtu aliyefurikiwa 2018 na 2023 anaweza kuandika "hapana" ili ada iwe nafuu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukweli ukifichwa, kampuni inaweza kukataa dai lote, hata kama hasara ya safari hii ni ya moto.

Mkataba pia humtaka mwenye nyumba achukue hatua za busara kupunguza hasara. Tahadhari ikitolewa kwamba mabwawa yamejaa, kuinua au kuhamisha vitu mapema ni usalama wa familia kwanza, na ni ushahidi pia kwamba hakuzembea.

Vitu, mifugo na biashara

Bima ya jengo hailipi vilivyo ndani. Godoro, jokofu, televisheni na nguo huhitaji sehemu yake kwenye mkataba. Mpangaji naye ajue kwamba bima ya mwenye nyumba haimhusu. Jengo likilipwa, vitu vyake havilipwi.

Mkopo wa benki una jambo lake. Benki humtaka mkopaji akate bima ya jengo, lakini bima hiyo hulinda kwanza deni la benki. Vitu vya familia huwa havimo.

Magunia ya mchele yaliyowekwa chumbani kusubiri soko, na bidhaa za duka zilizohifadhiwa nyumbani, huhesabiwa kuwa mali ya biashara. Mazao shambani na mifugo zizini pia havimo. Bima ya mifugo iliyoletwa na serikali katika kaunti kavu, Tana River ikiwemo, hupima upungufu wa malisho kwa setilaiti. Ni bima ya ukame. Ng'ombe aliyezama kwenye mafuriko hayumo.

Wizi na machafuko

Familia inapohamia kambini, nyumba hubaki tupu. Mikataba mingi huweka kikomo cha siku, na baada ya hapo wizi haulipwi. Kampuni iarifiwe mapema. Wizi usioacha alama ya kuvunja mlango au dirisha nao huzua ubishi.

Wakazi wa delta hawajasahau 2012 na 2013, nyumba zilipochomwa na watu kuuawa. Vita, uasi na ugaidi haviko kwenye bima ya kawaida, na ghasia za kisiasa huhitaji kinga ya ziada inayolipiwa kando. Moto wa jiko na moto wa machafuko huacha majivu yaleyale, lakini kwenye mkataba ni vitu viwili.

Hesabu ya fidia

Nyumba ikiwa na thamani ya Sh2,000,000 na mwenyewe akaikatia bima ya Sh1,000,000 ili apunguze ada, anahesabiwa kuwa amebeba nusu ya hatari mwenyewe. Maji yakiharibu vitu vya Sh400,000 kwenye jengo, atalipwa Sh200,000. Kisha hukatwa kiasi cha kwanza cha kila hasara, ambacho mkataba humwachia mwenye nyumba.

La kufanya sasa

Wakala aonyeshe leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ambayo hutolewa kwa mwaka mmoja. Mkazi aombe mkataba kamili kabla ya kulipa, na asiyesoma Kiingereza asomewe na mtu anayemwamini, hasa kurasa za mambo yaliyoachwa nje. Anayetumia takaful aulize maswali yayo hayo.

Picha za nyumba na vitu zipigwe wakati wa ukavu, na nakala za hati ziwekwe kwa jamaa aliye mahali palipoinuka. Hasara ikitokea, itolewe taarifa ndani ya muda uliowekwa na mkataba. Dai likikataliwa, mwenye nyumba ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi na kulalamika kwa IRA.

Wapo watakaouliza na kuambiwa nyumba yao haichukuliwi, au inachukuliwa bila mafuriko. Jibu hilo linauma, lakini lina faida likija mapema. Pesa ya ada inaweza kwenda kwenye chama, kuinua msingi, au kujenga ghala mahali pakavu. Atakayepata hasara kubwa zaidi ni yule atakayelala akidhani amelindwa, na akajua ukweli maji yakiwa yamefika dirishani.