Leseni na Kazi ya Wakili

Ninyi wa Lingeka, sogezeni viti karibu na redio. Leo tutazungumza juu ya leseni, na juu ya wakili anayeshughulikia mashauri ya leseni.

Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi ambayo ikifanywa vibaya itadhuru watu. Mnunuzi wa pamba hutakiwa leseni, asije akampunja mkulima. Mwenye duka la dawa hutakiwa kibali, asije akauza dawa mbovu.

Tuseme mama mmoja wa Lingeka ana duka la dawa. Duka hilo ndilo linalosomesha watoto wake. Siku moja anapata barua: kibali chako kimefutwa. Hakuulizwa neno. Afanye nini?

Akienda kwa wakili, wakili atauliza maswali matatu. La kwanza: aliyefuta kibali amepewa uwezo huo na sheria? La pili: mama alielezwa kosa lake, akapewa nafasi ya kujitetea? La tatu: sababu iliyotolewa imo katika sheria?

Maswali haya si maneno matupu. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inampa mtu haki ya kusikilizwa na haki ya kukata rufaa. Tena mwaka 1963, klabu moja ya Bukoba ilinyimwa leseni ya vileo kwa sababu ya kanuni zake za uanachama. Mahakama Kuu ilitengua uamuzi huo, kwa kuwa waliotoa leseni walifuata sababu isiyokuwa katika sheria.

Wakili ataitazama pia tarehe ya barua. Anayetaka Mahakama Kuu iupitie uamuzi wa serikali hupewa miezi 6 tu. Basi barua ya serikali isomeni siku ile ile, kisha itunzeni. Mtu asiyejua kusoma huweza kupoteza haki yake huku barua iko mkobani.

Lakini wako pia mawakili wanaoishauri serikali. Kama duka kweli linauza dawa mbovu, lifungwe, mtoto asije akafa. Ila lifungwe kwa njia ya sheria, mahakama isije ikalifungua tena.

Na wakili mwenyewe hana budi kuwa na ruhusa. Jina lake huandikwa katika orodha ya mawakili, na kila mwaka hutafuta cheti kipya. Akikosa, hushitakiwa mbele ya Kamati ya Mawakili, na jina lake laweza kufutwa. Naye pia lazima asikilizwe kwanza.

Sasa jibuni maswali haya kwa maandishi:

1. Leseni ni nini?
2. Wakili huuliza maswali gani matatu?
3. Kwa nini tuitazame tarehe ya barua?