Dohani na Moshi wa Nyumbani

(Mazungumzo waliyopewa makatibu na wanachama wa vyama vya ushirika, Micheweni)



Zamani nyumba ya Micheweni haikuwa na haja ya dohani. Paa la makuti ndilo lililokuwa dohani. Mama alikoka moto katika mafiga, moshi ukapanda, ukajipenyeza baina ya makuti na kutoka nje polepole, na katika kutoka kwake ukawafukuza wadudu wanaoyala makuti hayo. Macho yaliwasha na vifua vilipata taabu, hilo halikanushiki. Lakini hewa ilikuwa na njia.

Siku hizi aghalabu paa ni bati, kuta ni matofali ya saruji, na pengine chini ya bati pana dari. Hayo ni maendeleo, na mengi yametokana na jasho la karafuu na mwani. Lakini moto haukubadilika pamoja na paa. Katika nyumba nyingi kuni ni zile zile, makumbi ni yale yale, na juu yake umeongezeka mkaa. Nyumba imeziba, na moto uliomo ndani yake ni moto wa nyumba iliyokuwa wazi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 duniani, wakiwemo watoto zaidi ya 230,000 wasiotimiza miaka 5. Wengi wao waliuawa polepole, kwa maradhi ya mapafu, ya moyo na kiharusi.

Hata hivyo, moshi unaoonekana una hisani moja: humtoa mtu jikoni. Kilicho kibaya zaidi hakionekani. Mkaa uliokwisha kushika, mwekundu, usiofuka, ndio unaodhaniwa kuwa salama kuingizwa chumbani. Nao ndio unaotoa kwa wingi gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikiingia mwilini hujishika na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mfano wake ni gari la abiria ambalo viti vyake vyote vimepakiwa mawe: gari linakwenda, lakini abiria hana pa kukaa. Moyo unapiga na mapafu yanavuta, ilhali mwili unakosa hewa.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Kwa kuwa dalili hizo hufanana na homa, watu humeza dawa ya malaria na kurudi kulala katika chumba kile kile. Wengine husema ni jinamizi. Lakini iwapo watu wote wa nyumba wameugua kwa pamoja, nao wakipata nafuu kila watokapo nje, basi moto ndio wa kutazamwa kwanza. Milango ifunguliwe, wagonjwa watolewe kwenye hewa safi, moto uzimwe, na wapelekwe hospitali bila ya kungoja kupambazuke. Mama mja mzito apelekwe hata akisema amekwisha kupona, maana mtoto aliye tumboni hudhurika zaidi kuliko mamaye.

Hatari hii huzidi wakati wa masika. Mvua inanyesha, madirisha yamefungwa, kuni ni mbichi, na seredani huingizwa ndani ili kukausha nguo au kumpasha joto mzazi na kichanga chake. Nia ni njema kabisa. Seredani isiingizwe katika chumba cha kulala, hata ikiwa makaa yamekaribia kuwa majivu.

Yapo majiko yaliyojengwa kwa udongo au matofali, yenye dohani ya kupeleka moshi juu ya paa. Jiko la namna hiyo ni jema. Lakini dohani iliyoziba ni mbaya kuliko kukosa dohani, kwa sababu watu huiamini. Mnamo Septemba 1902 mwandishi mashuhuri wa Kifaransa, Émile Zola, alilala na mkewe mjini Paris katika chumba kilichofungwa, moto ukiwa umewashwa. Dohani ilikuwa imeziba. Asubuhi mkewe alikutwa yu hai kwa taabu, Zola hakupona. Kama dohani iliziba yenyewe au ilizibwa na mtu, watu wamebishana tangu siku hizo.

Huko Uingereza, ambako watu wengi wa Pemba wana jamaa zao, nyumba hutiwa joto kwa boila ya gesi yenye bomba lake la kutolea moshi. Sheria humlazimisha mwenye nyumba ya kupangisha kumwita fundi aliyeandikishwa, akague boila na bomba hilo kila miezi 12, na mpangaji apewe hati. Nchi yenye viwanda vyote vile haikiamini chombo chake zaidi ya mwaka mmoja.

Jambo hili linawahusu wana ushirika kwa njia ya pekee. Katika jimbo la Odisha, India, watafiti walifuatilia nyumba zilizopewa majiko ya dohani na zisizopewa. Mwaka wa kwanza moshi waliovuta wapishi ulipungua. Miaka iliyofuata faida ile ilitoweka, na afya za watu hazikutofautiana na za wasiopewa. Majiko yalipasuka, hayakutengenezwa, na wengine wakaacha kuyatumia. Ujenzi ulikuwa na mwenyewe. Matunzo hayakuwa na mwenyewe.

Chama kinaweza kuwa mwenyewe. Vipo vyama vinavyoandika mwani wa kila mwanachama mpaka kilo ya mwisho. Havitashindwa kuandika dohani. Wakati ufaao ni kaskazi, Januari na Februari, kabla ya masika. Moto uzimwe tangu usiku, mdomo wa jiko uzibwe kwa gunia bichi, kisha fundi ateremshe burashi, au kifurushi cha makumbi kilichofungwa jiwe, kutoka juu. Masizi makavu yatatoka yenyewe. Yakiwa yanang'aa kama lami, hiyo ni dalili ya kuni mbichi. Masizi hayo yaweza kuwaka ndani ya bomba, na bomba likiwa limepita kwenye makuti, nyumba itateketea. Atazame viota vya ndege, nyufa, na kutu pia, kwani upepo wa chumvi hula bati upesi. Bomba lipande angalau futi mbili juu ya paa lililo karibu nalo, ama sivyo upepo utaurudisha moshi chini.

Mwisho akoke moto mdogo, kisha alete chetezo chenye ubani karibu na mdomo wa jiko. Moshi wa ubani ukivutwa ndani, dohani inafanya kazi. Ukimrudia usoni, kazi haijakwisha.

Mtungi wa gesi ni hatua nzuri, na mkakati wa taifa wa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lakini mtungi ukiisha na fedha hazipo, kuni hurudi. Na asiye na dohani wala mtungi apikie nje ya nyumba, au atoboe matundu mapana chini ya paa, pande mbili zinazokabiliana.

Ujira wa fundi ukitolewa katika mfuko wa chama, upitishwe kwanza na mkutano mkuu na stakabadhi iwekwe. Katibu aandike katika daftari jina la mwenye nyumba, tarehe, kilichoonekana na kilichotengenezwa. Ukaguzi uanze kwa nyumba zenye wazazi na watoto wachanga, na ukurasa wa kwanza uwe umejazwa kabla ya mwisho wa Februari.