Khutba ya Ijumaa: Hila ya Kifurushi cha Uongo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Ndugu Waislamu, naiusia nafsi yangu na nakuusieni nanyi kumcha Mwenyezi Mungu katika mambo ya siri na ya dhahiri.

Imepokewa katika Sahihi ya Imam Muslim ya kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye fungu la chakula. Akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta majimaji. Mwenye mali alipoulizwa, alijibu kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume akamlaumu kwa kutokiweka juu kilicholowa ili watu wakione, na akamkana kila mwenye kudanganya. Hapo twajifunza mambo mawili: kwamba ghashi ni haramu, na kwamba Mwislamu hakihukumu kitu kwa uso wake, bali hutia mkono ndani.

Leo fungu hilo limehamia katika simu zetu. Mtu hupokea ujumbe uliojitia jina la Posta au la kampuni ya kusafirisha mizigo, nao wasema: kifurushi chako kimezuiliwa, anwani ina kasoro, lipa shilingi 2,000 kabla ya jioni, la sivyo kitarudishwa. Chini yake pana kiungo cha kubonyeza. Mama anayengojea mzigo kutoka kwa mwanawe aliye Maskati hudhani kuwa ndio wake. Kumbe aliyetuma hamjui mama huyo. Ameutawanya ujumbe huo huo kwa namba nyingi, kwani penye watu wengi hakosekani anayengojea kitu.

Tena jueni ya kuwa hizo shilingi 2,000 ni chambo tu. Kiungo hufungua ukurasa ulioigizwa, nao hudai namba ya kadi ya benki, tarehe ya mwisho wake, tarakimu tatu zilizo nyuma yake, kisha namba ya siri ambayo benki huituma kwenye simu. Mwenye kuzitoa amemkabidhi mwizi ufunguo wa ghala. Wengine hupiga simu wakijiita maofisa wa forodha, wakataka ushuru utumwe kwenye simu ya mtu binafsi. Hao ni ndugu wa wale wanaotuandikia kila siku: ile hela tuma kwa namba hii.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha, katika Sura ya Al-Hujuraat, aya ya 6, kuichunguza habari iletwayo na mtu mpotovu, tusije tukatenda jambo kisha tukajuta. Basi yatupasa kufanya hivi. Kwanza, mtu ajiulize: je, nimeagiza kitu, au yuko aliyeniarifu kuwa ameniletea? Amwulize mtumaji mwenyewe. Pili, asibonyeze kiungo, bali aende kwenye ofisi ya Posta, au apige namba aliyokuwa nayo kabla. Tatu, aitazame namba ya kifurushi. Kifurushi kilichosajiliwa katika posta ya kimataifa huwa na alama 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka. Lakini mwongo aweza kuitunga hata hiyo, kwa hiyo ni lazima iulizwe Posta penyewe. Nne, ushuru wa serikali hapa Tanzania hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Haupelekwi kwenye simu ya mtu.

Mtume (s.a.w.) alimsifu Ashajj wa kabila la Abdul-Qays kwa upole na kutokuwa na pupa. Tapeli hana mtaji ila pupa yetu. Ndiyo maana ujumbe wake daima una saa ya mwisho.

Ana mtaji wa pili pia, nao ni kimya chetu. Baba aliyepoteza karo ya watoto huona haya, akanyamaza. Kesho jirani yake huingia katika mtego ule ule. Enyi wenye nyumba, msimcheke aliyedhulumiwa, wala msimkaripie. Kuibiwa si dhambi. Dhambi ni ya mwizi. Aliyepatwa na aijulishe benki au kampuni yake ya simu saa ile ile, aende polisi, na namba ya tapeli aitume kwa 15040. Kisha awaonye wenzake, kwani kumkinga Mwislamu na hasara ni katika nasaha, na nasaha ndiyo dini yetu.

Nanyi vijana mnaojua elimu ya simu, wasomeeni wazazi wenu jumbe zao kwa adabu. Na aliyeshawishika kuingia katika kazi hiyo ya utapeli na ajue kuwa ni mali ya haramu, na kuwa nchini kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yamngoja. Tena toba yake haitimii mpaka aurejeshe kwa mwenyewe kila alichokitwaa.

Ewe Mola wetu, turuzuku ya halali, tuepushe na pupa, uzilinde amana zilizo mikononi mwetu, na uwarejeshee waliodhulumiwa haki zao. Amin.